Nimehama Mtwara, mbwa wangu nimemwacha kwa mzee wa korosho: niliyopitia hadi kumpata

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ana barua ya uhamisho mkononi na mbwa amelala mlangoni, hajui aanzie wapi. Mimi nilikuwa hivyo mwezi wa pili mwaka huu.

Mimi ni muuguzi, kwetu Masasi. Mtwara mjini nimekaa miaka sita, nimepanga Chuno, nyumba ya chini yenye uwanja na mwembe. Uhamisho ukatoka, naenda Dar es Salaam. Madalali walinizungusha wiki nzima, Mbagala, Temeke, Tabata, na kila mwenye nyumba nikimtajia mbwa anatikisa kichwa. Mwisho nikapata chumba na sebule ghorofa ya pili, wapangaji sita, na sharti lilitangulia hata kodi: mbwa hapana. Sikumlaumu yule mama. Hata angeniruhusu, mbwa aliyekulia chini ya mwembe angeshinda kafungiwa juu kule masaa kumi na mawili kila nikiwa zamu. Hayo si maisha.

Anaitwa Msimu. Nilimwokota mwezi wa kumi na moja, malori ya korosho yakipishana usiku na mchana kuelekea bandarini. Mama yake alikuwa amegongwa, yeye amekaa pembeni ya lami analia, macho yamefunguka siku chache tu. Mtu wa Mtwara ukimwambia "msimu" haulizi msimu wa nini. Nilimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maziwa kidogo kidogo, naamka usiku kama mwenye mtoto mchanga. Sasa ana miaka mitano. Mbwa wa kienyeji, rangi ya ganda la korosho, sikio la kushoto limelala. Nikitoka zamu ya usiku ananisikia tangu bodaboda iko kona ya dukani.

Nilipoanza kuuliza watu, jibu la kwanza lilikuwa lile lile kwa kila mtu. "Mwache hapo hapo dada, mbwa hakosi pa kula." Majirani waliosema hivyo ni watu wema, wamenisaidia mengi, hawakuwa na nia mbaya. Lakini naomba mnisikilize hapa, maana ndipo wengi wanapokosea.

Mbwa uliyemlea hajui kuwa umehama. Anajua umechelewa. Atakaa getini. Mpangaji mpya atamrushia jiwe, atarudi. Atarushiwa la pili. Njaa ikizidi atashuka sokoni kwenye vichwa vya samaki, huko kuna wenyewe waliomtangulia, watamng'ata. Hakuna atakayemkumbuka siku ya chanjo. Mbwa wazururaji mnajua mwisho wao: sumu kwenye kipande cha nyama, au risasi. Na kabla hajafika huko anaweza kuwa amemng'ata mtoto wa mtu.

Nimewahudumia watu waliong'atwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, hadi asilimia 99 wameupata kwa mbwa. Huku kwetu kati ya 2010 na 2015 ilifanyika kampeni kubwa ya kuchanja mbwa katika wilaya 28, Lindi na Mtwara zikiwemo. Hesabu yake ni kwamba wakichanjwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Sasa kila mbwa anayeachwa barabarani anatoka upande wa waliochanjwa anahamia upande wa wasiochanjwa. Yule uliyemwita mlinzi wa watoto wako unamgeuza hatari kwa watoto wa mwenzako. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ukatili kwa mnyama ni kosa, lakini mimi hata sikuihitaji sheria kulijua hili.

Na kwa kuwa nimeligusa: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majani wala mafuta ya breki. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Basi nikaanza kutafuta mtu. Na nikakosea.

Alikuja bwana mmoja mwenye yadi ya kuhifadhi mizigo, kaletwa na mtu wa kazini. Kavaa vizuri, anaongea vizuri. Alimtazama Msimu, akaniuliza swali moja tu: "Mkali?" Nikasema anabweka sana mgeni akija. Akatoa elfu thelathini palepale. Mimi nikaona ooh, mtu aliyetoa hela atathamini. Humu nako nimeona watu wakishauriwa hivyo, usitoe mbwa bure, weka bei hata ndogo ili apatikane mtu makini. Ushauri huo ulinigharimu. Bei inakuonyesha mfuko wa mtu. Yule bwana hakubisha hata shilingi.

Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikapita bila kumwambia. Nilimkuta Msimu kafungwa mnyororo usiofika hata mita, kwenye ukuta wa bati, jua la saa nane. Sufuria la maji kavu. Shingo imeanza kuchubuka kwa sababu alikuwa anavuta. Aliponiona hakubweka. Alilala kifudifudi akajikojolea.

Yule bwana hakuona tatizo. Aliniambia mbwa akifunguliwa mchana hawi mkali, ndivyo wanavyofanya wote. Nilimrudishia elfu thelathini yake, nikamfungua mbwa wangu, nikatembea naye hadi nyumbani maana hakuna bajaji iliyokubali kutubeba. Njia nzima nilikuwa nalia, watu wananitazama. Sitaki kusema zaidi juu ya yule bwana. Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilimkabidhi kiumbe kwa mtu ambaye sikumuuliza hata swali moja.

Kuanzia siku ile mimi ndiye niliyeuliza. Nilikuwa na maswali mengi mwanzoni, mwisho nikabaki na moja ambalo naomba mlichukue: mbwa wako wa mwisho aliishaje? Usiulize kama anapenda mbwa, kila mtu atakwambia anapenda. Muulize yule wa mwisho alikwenda wapi. Kijana mmoja wa Magomeni ya Mtwara alinijibu, "Nimewahi kufuga watatu, walikufa tu." Walikufa na nini? "Walikufa tu, dada." Nikamshukuru kwa kuja. Mama mmoja alisema wa kwake aliibiwa, wa pili aliibiwa, wa tatu akaibiwa. Wapo pia mke na mume vijana wa Shangani, wazuri sana, wangemfaa, ila mkataba wa kazi wa mume ulikuwa unaisha mwakani, nao wenyewe wakasema ukweli: tutakuwa na shida kama yako. Wale niliwaheshimu.

Na wewe uwe mkweli. Nilikuwa nimezoea kumsifia, nikaacha. Kila aliyekuja nilimwambia: anaogopa radi, masika ikinguruma atavunja mlango aingie ndani. Anafukuza kuku, na kifaranga mmoja alimuua. Anachimba. Ugali mtupu hali, lazima unuse dagaa. Wengine waliondoka kwa sababu ya kuku tu. Afadhali waondoke nikiwa bado nipo kuliko wamfukuze nikiwa nimeshavuka daraja la Mkapa.

Sasa mzee.

Nilimpata kwa bwana mifugo wa kata. Hili sikuliwaza mapema na linaniuma, kwa sababu ndipo nilipotakiwa kuanzia. Nilimpeleka Msimu kuchanjwa na kupewa dawa ya minyoo, nikamweleza shida yangu. Bwana mifugo akafikiri kidogo, akasema: "Wenye mbwa nawajua wengi. Wanaoleta mbwa kila mwaka bila kuitwa ni wachache sana. Ngoja nikupe mmoja." Mnaona? Yeye ndiye anayejua nani ana mbwa mwenye kadi, nani analeta mbwa akiwa na kupe tu, nani anakuja mara moja kisha haonekani tena.

Mzee ana shamba la korosho na mihogo mbele ya Naliendele, njia ya Nanyamba. Nilifika na soda na mkate, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda kama inavyotakiwa. Nilipouliza lile swali langu alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia mbwa wake alikufa mwaka jana, kwa uzee, miaka kumi na moja. Mwezi wa mwisho miguu ya nyuma ilikuwa haifanyi kazi, mjukuu alikuwa anambeba kumtoa nje kujisaidia. Akanyoosha kidole, "Tumemzika pale kwenye mkorosho wa mpakani, alikuwa anapenda kulala pale." Moyo wangu ulitulia hapo hapo, ingawa sikumwambia.

Mzee ni Muislamu, swala tano. Mimi Mkristo, nikamuuliza kwa adabu, maana mjini wengi walinikatalia kwa sababu ya najisi na ni haki yao. Hakukasirika. "Mwanangu, mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Ana chombo chake, analala nje kwenye banda lake, pale ninaposwalia hafiki. Akinilamba nikiwa nimetia udhu, nachukua maji na mchanga, najua namna ya kujitohara. Kujitohara si sababu ya kumtesa." Kisha akanisimulia habari ya yule mtu aliyemkuta mbwa anakula udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, hadithi ile nilikuwa sijawahi kuisikia.

Na kulikuwa na kazi. Huko mashambani ngedere na nguruwe pori wanamaliza mihogo, na msimu ukianza wezi wa korosho hawalali. Mbwa anayefukuza kila kinachokimbia, anayebweka kila akisikia hatua ya mtu, mjini nilikuwa naomba radhi kwa majirani kwa ajili yake. Kwa mzee hiyo ndiyo sifa aliyokuwa anaitafuta. Ya kuku nilimwambia. Akasema kuku wake wana banda, na mjukuu atamfundisha. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, mkiniuliza: acha kutafuta mtu mwenye huruma peke yake. Tafuta mtu ambaye tabia ya mbwa wako, kama ilivyo, inamfaa.

Sikumwacha siku hiyo. Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza masaa mawili tu, nimemshika kamba, ananusa. Mara ya pili tulishinda, mjukuu ndiye aliyempa chakula, si mimi. Mara ya tatu nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, elfu ishirini na tano kwa sababu nilikuwa na banda lake la mbao, sahani zake, na gunia analolalia. Gunia sikulifua. Mbwa anaishi kwa pua, akilala penye harufu yake anatulia mapema. Nilimkabidhi mzee na kadi ya chanjo, nikamwonyesha tarehe ya kurudia. Msimu alikuwa ameshahasiwa tangu ana mwaka mmoja, hilo nalo linasaidia, hatangitangi kutafuta majike.

Tulikubaliana wiki mbili za kwanza usiku afungiwe bandani na mchana awe kwenye kamba ndefu au karibu na mtu. Msipuuze hili. Kutoka kule hadi Chuno mbwa anatembea akafika, na angekuta nyumba ina mtu mwingine.

Niliondoka akiwa ameenda na mzee kukagua mihogo. Hayo ndiyo aliyoyataka mzee, na alikuwa na busara. Nilitaka kumkumbatia mara ya mwisho, nikagundua hiyo ningeifanya kwa ajili yangu, yeye ingemtisha bure.

MREJESHO 1

Asanteni kwa maneno yenu. Nimeona maswali, najibu niliyoyaweza.

> *"Si ungempandisha basi tu, buti zipo?"*

Mkuu, niliuliza. Kondakta mmoja alikubali, kwenye buti, katikati ya mabegi na magunia. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na kule chini hakuna hewa na injini inachemsha. Anaweza kufa kabla hamjafika Nangurukuru. Ukiwa na pa kumweka huko uendako, tafuta gari la mizigo lenye hewa, safiri usiku, simama umpe maji, na kabla ya yote pitia kwa bwana mifugo akupe kibali cha kusafirisha na cheti cha chanjo. Mimi tatizo langu lilikuwa nyumba, siyo gari tu.

> *"Wangu ana miaka kumi na mbili, haoni, anajikojolea. Nahama Lindi mwisho wa mwezi. Hakuna anayemtaka. Nimwache?"*

Dada yangu, pole. Usimwache. Kwanza uliza ndugu, mbwa mzee kipofu anaweza kuishi vizuri kwenye uwanja anaoujua na mtu anayemjua, hata kama ni shangazi yako tu. Kama hakuna kabisa, na ana maumivu, zungumza na daktari wa mifugo juu ya sindano ya kumlaza moja kwa moja. Najua wapo watakaokuhukumu hapa. Mimi nimekaa na wagonjwa wengi wanaoondoka, na ninakwambia kufa umeshikwa na mtu wako, bila maumivu, si sawa na kufa na kiu mtaroni. Ukiamua hivyo, usimtume mtu. Kaa naye wewe mwenyewe, aisikie sauti yako. Niandikie PM ukitaka mtu wa kuzungumza naye.

> *"Nipo Mtanda, Lindi. Kama bado una mbwa nipo tayari."*

Sina mwingine mkuu. Nenda kwa bwana mifugo wa kata yako, mwambie unataka. Mara nyingi wanajua mtu anayehama au jike lililozaa. Ukichukua kitoto, kiache kwa mama yake kifikishe angalau wiki nane. Na jiandae, nikikutana nawe ningekuuliza yule wa mwisho aliishaje.

MREJESHO 2

Wengi mmeuliza kama nimerudi kumwona. Nilikwenda siku ya kumi na mbili, kabla sijapanda basi. Niliogopa nitamvuruga, nikapiga simu kwanza, mzee akasema njoo.

Msimu alikuja mbio, akanirukia, akaninusa mikono na viatu, akazunguka akilia kile kilio chake. Hiyo ilikuwa kama dakika kumi. Kisha mjukuu akapiga mluzi kutoka kwenye mikorosho, ngedere walikuwa wameingia. Msimu alinitazama, akamtazama mtoto, akaondoka. Nilikaa pale kwenye kigoda na mzee tukawasikia wakibweka na kupiga kelele hadi mbali. Iliniuma, nisiwafiche. Na usiku ule ndio wa kwanza nililala tangu barua itoke.

Sasa huu ni mwezi wangu wa pili nikiwa Dar. Mzee hana simu ya picha, mjukuu huazima ya jirani ananitumia. Ya juzi inaonyesha Msimu amejaa zaidi, shingo imeota manyoya pale palipochubuka. Kifaranga kimoja kimeshakwenda, mzee alinipigia mwenyewe kuniambia, nikamtumia hela ya kuku kwa simu, akanirudishia. Anasema radi ya wiki iliyopita alimwachia mlango wa jiko wazi, akaingia, akalala nyuma ya mafiga hadi asubuhi.

Chanjo yake inarudiwa mwakani. Nimeomba likizo wiki hiyo.